Namna ya Kuanza na Kudumu katika Uimbaji na Utunzi wa Panki: Njia Aliyoipita Poly Styrene

Mwongozo huu ni wa msichana au mwanamke anayeandika maneno yake mwenyewe, anayevutwa na muziki wa panki, yaani lile tawi la roki lenye kasi, kelele na nyimbo fupi, na anayetaka kujua kazi hiyo huanzwaje, huendeshwaje, na hulindwaje ili isimmeze mwenyewe. Nimeujenga juu ya kazi ya mtu mmoja, Poly Styrene wa bendi ya X-Ray Spex ya London. Wako wengine ambao wangefaa, kama Patti Smith wa New York, ambaye albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1975, au Ari Up, aliyekuwa na miaka 14 tu bendi ya The Slits ilipoanza mwaka 1976. Lakini kwa Poly hatua zote zinaonekana waziwazi na kwa karibu: alianza bila bendi, akaipata kwa tangazo la gazetini, akatunga nyimbo mwenyewe, akaingia katika chati za Uingereza, yaani orodha za rekodi zinazouzwa zaidi, akaugua katikati ya mafanikio, akaacha, na baadaye akarudi kwa masharti yake.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Marianne Joan Elliott-Said. Alizaliwa tarehe 3 Julai 1957 huko Bromley, kusini-mashariki mwa London, baba yake akiwa Msomali na mama yake Mwingereza mwenye asili ya Kiskoti na Kiairishi, akakulia Brixton kwa malezi ya mama. Alikuwa mweusi miongoni mwa wazungu na mweupe miongoni mwa weusi, na nafasi hiyo ya kutazama kila upande kutoka pembeni ndiyo iliyompa jicho lake. Nasema hivi mapema kwa sababu ndiyo imani inayoongoza mwongozo mzima: sauti hufunzwa, gitaa hujifunzwa kwa miezi michache, lakini kinachoibeba kazi hii ni maneno yaliyotoka katika jicho lako mwenyewe, na kinachoiharibu ni kumwachia mtu mwingine akuamulie maneno hayo, mwili wako na ratiba yako.

Daftari kwanza

Kabla ya kutafuta gitaa, nunua daftari dogo linaloingia mfukoni, na ndani yake andika vitu kuliko hisia. Nyimbo za albamu ya X-Ray Spex iitwayo Germfree Adolescents, iliyotoka Novemba 1978, zimejaa vitu vya dukani na vya kiwandani: mfuko wa plastiki, dawa ya meno, matangazo ya televisheni, nyuzi za kutengenezwa kwa kemikali. Katika wimbo wa The Day the World Turned Day-Glo anaieleza dunia ambamo miti ni ya kitambaa cha reyoni na majani yake ni ya nyuzi za kutengenezwa. Haombolezi mazingira wala hatoi hotuba. Anataja kitu kimoja baada ya kingine mpaka msikilizaji mwenyewe aone kuwa dunia hiyo ni hii aliyomo.

Mbinu yake ya pili ni ya thamani zaidi, na ningependa uielewe vizuri. Poly hakuwanyooshea watu kidole. Alichukua sauti ya kile kitu anachokikosoa, akakiimba kwa nafsi ya kwanza. Nyimbo zake mbili zinajulikana kwa majina I Am a Cliché na I Am a Poseur, na katika zote mbili anajitangaza kuwa ndiye yule mtu wa kuiga na kujionyesha ambaye jamii inamcheka. Msikilizaji hawezi kujikinga na wimbo wa namna hiyo, kwa kuwa hakuna anayemlaumu. Anajikuta anaimba kiitikio pamoja na mwimbaji, na ndipo maana inapomfikia.

Chukua mfano wa karibu. Umesimama mbele ya duka la vipodozi na macho yako yametua kwenye kopo la krimu ya kung'arisha ngozi. Andika unachokiona kama kilivyo: kopo la njano, kifuniko kilichopasuka ukingoni, picha ya mwanamke anayecheka, maneno yanayoahidi mabadiliko kwa siku saba, bei iliyoandikwa kwa kalamu juu ya kipande cha plasta. Rasimu ya kwanza itakayokujia kichwani itakuwa ya kuwaonya dada zako waache mkorogo kwa sababu unaharibu ngozi. Iandike, kisha iache, kwani hayo ni maneno ya bango la zahanati. Rasimu ya pili mpe sauti yule anayenunua:

Siku saba niwe mwingine,
siku saba nipate jina,
paka juu, paka chini,
mimi si mimi, mimi kopo!

Vina havikutimia, na haidhuru, kwa sababu panki haidai shairi la tarbia. Kinachohitajika ni mkazo wa sauti uangukie mahali pamoja na pigo la ngoma. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo «saba», «jina», «chini» na «kopo» yote yanapigika kwa namna ileile, na kwa kuwa maneno yetu huishia kwa irabu, neno la mwisho la mstari linaweza kuvutwa au kupigwa kelele bila kupotea. Soma mistari yako kwa sauti huku ukipiga meza kwa kiganja. Mstari unaokulazimisha kuongeza mwendo ili uumalize una maneno mengi mno, na mara nyingi neno la kuondoa ni kivumishi.

Kuna atakayekuambia kuwa mwanamke mwenye heshima hapigi kelele juu ya mambo ya watu. Mkumbushe Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na ambaye katika wimbo wa Kijiti alisimulia mauaji ya mwanamke na jinsi kesi yake ilivyoendeshwa, akitaja majina. Muziki wake ulikuwa taarabu wala haukukaribia roki, lakini hoja ya kuwa mwanamke hawezi kuimba dhuluma aliyoiona ilikwisha kujibiwa zamani katika pwani hii.

Kuupa wimbo umbo

Nyimbo nyingi za panki hutumia kodi tatu au nne za gitaa, yaani mafungu ya sauti zinazopigwa kwa pamoja, na huisha ndani ya dakika mbili au tatu. Kodi inayotumika zaidi ina sauti mbili tu, yaani mzizi na sauti ya tano, huku sauti ya tatu, ile inayoamua kama kodi ni ya furaha au ya huzuni, ikiachwa. Sababu yake ni ya kiufundi: amplifaya ikiongezwa mpaka sauti ya gitaa ikwaruze, kodi kamili hugeuka vurugu, ilhali kodi ya sauti mbili hubaki imara na nzito. Umbo moja la vidole linatosha kwa kodi zote, kwani unalisogeza tu juu na chini ya shingo ya gitaa, na ndiyo maana mtu anayefanya mazoezi kila siku anaweza kusindikiza nyimbo zake baada ya muda mfupi. Kasi iwe kati ya mapigo 160 na 190 kwa dakika, na uipime kwa programu ya simu ya kuhesabu mapigo, kwa sababu bendi changa huanza wimbo kwa kasi moja na kuumaliza kwa nyingine.

Usidhani kila wimbo uwe wa mbio. Wimbo ulioipa albamu ya Poly jina lake, unaohusu msichana anayeogopa vijidudu kiasi cha kupiga mswaki kutwa nzima, unakwenda polepole na una harufu ya rege, na ndio uliopanda juu zaidi katika chati kuliko nyingine zote za bendi hiyo.

Kitu kilichoitofautisha X-Ray Spex na bendi nyingine za panki za London kilikuwa saksofoni. Mpigaji wa kwanza alikuwa Lora Logic, msichana wa miaka 16, na katika albamu nafasi hiyo ilichukuliwa na Rudi Thomson. Sauti ya Poly na saksofoni hupokezana: anapomaliza mstari, saksofoni inajibu, na katikati ya wimbo inabeba melodia ambayo gitaa haliwezi kuibeba. Somo hapa ni kuacha nafasi. Ukiujaza wimbo maneno kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, hakuna chombo kitakachokusaidia. Na kama una rafiki anayepuliza tarumbeta katika bendi ya shule au ya kanisa, usimwache nje kwa kuwa umesikia panki ni ya magitaa peke yake.

Sauti

Wimbo wa Oh Bondage Up Yours!, uliotolewa na kampuni ya rekodi ya Virgin mwaka 1977, unaanza bila muziki. Poly anasema kwa sauti laini, kama mtoto mwenye adabu anayekariri mbele ya wageni, kwamba wako watu wanaoona wasichana wadogo waonekane tu wasisikike. Kisha anavuta pumzi na kuachia ukelele unaoipasua ile adabu, na bendi inaingia. Sekunde chache hizo ni darasa zima. Ukelele una nguvu kwa sababu umetanguliwa na utulivu, na mwimbaji anayepiga kelele tangu mwanzo hana mahali pa kupanda. Katika kila wimbo wako amua mapema ni neno lipi litakalopata sauti yote, na mengine yaimbe chini yake.

Jinsi ya kupiga kelele bila kujiumiza ni jambo la mazoezi. Pumzi itoke chini, tumbo likitanuka unapovuta hewa na mabega yakitulia, kwa sababu pumzi ya kifua cha juu huilazimisha koo ifanye kazi ya mapafu. Pasha sauti moto kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya mazoezi: anza kwa kuguna na mdomo umefungwa, kisha tetemesha midomo ukipanda na kushuka ngazi ya sauti, kisha imba mistari yako kwa nusu ya nguvu. Kunywa maji kidogo kidogo siku nzima, kwa kuwa kuyabugia mengi jukwaani hakusaidii. Chumba cha mazoezi kiwe na spika inayokurudishia sauti yako, kwani waimbaji wengi huharibu koo kwa kushindana na gitaa lililo juu kuliko kipaza sauti. Suluhisho ni kulishusha gitaa, hata kama mpigaji atanuna. Ukisikia maumivu au mkwaruzo unaochoma, simama hapohapo. Sauti ikikauka, nyamaza kabisa na usinong'one, maana kunong'ona nako huichosha. Ukwaruzo unaoendelea zaidi ya wiki tatu unahitaji daktari wa masikio, pua na koo.

Kupata bendi na kuiongoza

Tarehe 3 Julai 1976, siku aliyotimiza miaka 19, Poly aliwaona bendi ya panki ya Sex Pistols wakipiga kwenye gati la Hastings, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza. Alichokiona ni vijana wa rika lake wasio na ustadi mkubwa waliothubutu kupanda jukwaani. Akarudi na kuweka tangazo katika magazeti ya muziki akitafuta vijana wa panki wa kuungana naye, na hivyo akawapata Jak Airport wa gitaa, Paul Dean wa besi na wenzao. Hakuwangoja wanamuziki waliokomaa. Alikuwa na nyimbo, na mwenye nyimbo ndiye anayeita.

Nawe tangazo lako, liwe kwenye ukuta wa chuo au kwenye mtandao wa kijamii, liseme mambo manne: unapiga muziki wa namna gani, tayari una nyimbo ngapi zako mwenyewe, mazoezi yatakuwa wapi na siku gani, na unamtaka nani. Weka pamoja nalo rekodi ya simu ya wimbo mmoja, hata kama ni sauti yako na kupiga meza. Rekodi hiyo itawaondoa wasiokufaa kabla hujapoteza nauli kwenda kukutana nao.

Mazoezi mawili kwa wiki ya saa mbili yanatosha, mradi siku hazibadiliki. Fanyieni kazi nyimbo tatu mpaka zikae, ndipo muongeze ya nne, na mkiwa na nyimbo kumi mna onyesho la karibu nusu saa, ambalo ndilo bendi mpya hupewa. Rekodini kila zoezi kwa simu na msikilize kesho yake, kwani masikio yaliyochoka hayaaminiki.

Mambo ya watu ni magumu kuliko ya muziki. Lora Logic aliondoka katika bendi kabla ya albamu kurekodiwa, ilhali saksofoni yake ilikuwa imekwisha kuwa alama ya bendi. Kwa sababu hiyo andikeni mapema, kwenye karatasi moja iliyotiwa saini na wote, jina la bendi ni mali ya nani, anayeondoka anaondoka na nini, na kila wimbo umetungwa na nani kwa sehemu gani. Vijana wengi huona karatasi hiyo ni dalili ya kutoaminiana. Mimi naiona kuwa ndiyo inayouokoa urafiki pesa zinapoanza kuingia.

Jina na sura

Jina la Poly Styrene alilitoa katika kitabu cha simu cha matangazo ya biashara: alitafuta neno la plastiki, kitu rahisi kinachotumika na kutupwa, kwa sababu ndivyo alivyoona nyota wa muziki wanavyotendewa. Wakati huo alikuwa akiuza nguo na mapambo ya plastiki katika soko la Beaufort, barabara ya King's Road huko Chelsea, kwa hiyo mavazi yake ya rangi kali yalitoka katika meza yake mwenyewe ya biashara. Alipanda jukwaani na nyaya za kunyooshea meno zikionekana kila anapofungua kinywa. Alikuwa amekwisha kusema kwamba wakianza kumfanya kivutio cha tamaa atanyoa kichwa, na mwaka 1978 akakinyoa kweli.

Jina na mavazi yako, kwa hiyo, yatoke mahali palepale nyimbo zinapotoka. Ukiimba juu ya mitumba, vaa mitumba uliyoishona upya. Usikubali mpiga picha au meneja akuvalishe kitu ambacho ungeona haya kukieleza kwa maneno ya nyimbo zako.

Jukwaani

Maonyesho ya mwanzo ya X-Ray Spex yalifanyika katika klabu ya The Roxy, eneo la Covent Garden, na wimbo wao mmoja ukaingizwa katika albamu ya rekodi za moja kwa moja kutoka klabu hiyo mwaka 1977. Klabu ilikuwa ndogo na vyombo vilikuwa vya shida, jambo linalokufundisha kutongoja ukumbi mzuri. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Aprili 1978, bendi hiyohiyo ilisimama mbele ya makumi ya maelfu ya watu katika bustani ya Victoria Park, mashariki mwa London, katika tamasha la kupinga ubaguzi wa rangi ambalo bendi za The Clash na Steel Pulse nazo zilipiga. Kwa binti wa baba Msomali, katika mwaka ambao makundi ya kibaguzi yalikuwa yakiandamana mitaani, kusimama pale kulikuwa na uzito ambao wenzake wengi wa panki hawakuubeba.

Usalama wa wanawake mbele ya jukwaa ni wajibu wako pia. Kathleen Hanna wa bendi ya Bikini Kill, iliyoanza Olympia katika jimbo la Washington mwaka 1990, alikuwa akiwataka wasichana wasogee mbele na wanaume warudi nyuma, kwa sababu vurugu za kurukaruka zilikuwa zikiwasukumia wasichana ukutani. Kabla ya onyesho zungumza na mwenye ukumbi kuhusu mlango wa nyuma, chumba cha kubadilishia nguo chenye kufuli, na nani atakusindikiza usiku. Malipo yaandikwe kabla ya siku yenyewe, na nusu yake ilipwe kabla hujapanda.

Kurekodi na kutoa kazi

Poly alikuwa ametoa santuri moja hata kabla ya bendi: mwaka 1976, kwa jina la Mari Elliott, alirekodi wimbo wa mtindo wa rege uitwao Silly Billy, ambao haukufika mbali. Wengi huuruka wimbo huo wanapomsimulia. Mimi naona una maana, kwani unaonyesha kuwa sauti ileile, ikiwa katika mtindo usio wake, ilipita bila kusikika.

Oh Bondage Up Yours! nao haukuingia katika chati, wala haukuwekwa katika toleo la kwanza la albamu. Baada ya Virgin, bendi ilihamia kampuni ya EMI, na mwaka 1978 nyimbo tatu ziliingia katika 30 bora za Uingereza: The Day the World Turned Day-Glo ilifika nafasi ya 23, Identity nafasi ya 24, na Germ Free Adolescents nafasi ya 19, huku albamu yenyewe ikifika nafasi ya 30. Hata hivyo ule usiopata chati ndio unaotajwa kwanza leo jina lake linapotajwa. Kwa hiyo usiufute wimbo kwa sababu wiki yake ya kwanza ilikuwa baridi.

Kama hakuna kampuni inayokutaka, jifunze kwa bendi ya Buzzcocks wa Manchester, ambao walikopa pauni 500, wakarekodi nyimbo nne, na Januari 1977 wakazitoa wenyewe kwa jina la lebo waliyoianzisha, nakala 1,000 za kwanza zikaisha, na nyingine zikafuata. Kwako leo gharama ya kuchapa santuri haipo, lakini studio bado inalipwa kwa saa. Ingieni mkiwa mmezoea nyimbo kiasi cha kuzipiga gizani. Pigeni gitaa, besi na dramu kwa pamoja katika chumba kimoja ili kasi ya bendi isipotee, kisha uimbe juu yake mara tatu au nne na mchague mara iliyo hai kuliko iliyo safi. Nyimbo nne katika siku mbili ni lengo linalofikika. Ondoka studio na faili za kila chombo peke yake, pamoja na risiti inayoonyesha kuwa umelipia, maana anayeshika masta, yaani rekodi ya asili, bila karatasi huja kudai masta.

Mkataba na hakimiliki

Kila wimbo una haki mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ni ya mtunzi tangu wimbo unapoandikwa au kurekodiwa. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, na huwa ya aliyelipia studio isipokuwa mkataba ukisema vingine. Poly ndiye aliyekuwa mtunzi wa nyimbo za bendi yake, na haki ya kwanza huanzia kwa mtunzi hata pale rekodi zinapokuwa mikononi mwa kampuni. Nawe ukilazimika kutoa moja, toa ile ya rekodi, na kwa miaka iliyotajwa, lakini utunzi ushike.

Malipo ya mwanzo yanayotolewa na kampuni ni mkopo unaokatwa katika mirabaha yako, na gharama za video, mavazi na usafiri mara nyingi hukatwa humohumo. Uliza kila gharama inakatwa kwa nani, mkataba unadumu kwa albamu ngapi, na kama kampuni isipoitoa kazi ndani ya muda fulani, inarudi kwako au hairudi. Mpe mwanasheria ausome, na kama huna uwezo, tafuta kituo cha msaada wa kisheria kabla ya kusaini. Tanzania kazi husajiliwa COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na Kenya ni KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Sajili kila wimbo kwa jina lako halisi na jina la jukwaani pamoja.

Mwili na akili

Hapa ndipo ningeomba usome polepole. Mwaka 1978, wakati nyimbo zake ziko redioni na safari hazikatiki, Poly aliona mwanga wa waridi angani usiku baada ya onyesho huko Doncaster. Alilazwa hospitalini na kuambiwa ana ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Mwaka 1991 ndipo ilipobainika kuwa alichokuwa nacho ni ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka, unaoitwa baipola. Alipougua mwaka ule wa 1978 alikuwa na miaka ipatayo 21, na kazi ya bendi ikaendelea. Mwaka 1979 akaondoka, na X-Ray Spex ikavunjika.

Nisingependa mtu asome hayo akadhani ugonjwa ulisababishwa na muziki, kwani ugonjwa wa akili hauna sababu moja. Lakini kukosa usingizi ni jambo linalojulikana kuwa huamsha vipindi vya baipola, na maisha ya safari za bendi hula usingizi kuliko kitu kingine. Kwa hiyo weka masharti ya kiafya ndani ya mpango wa kazi, yaandikwe kama yanavyoandikwa malipo: usiku usiopungua mmoja wa kulala bila onyesho katika kila siku tatu za safari, mtu mmoja wa karibu asiyelipwa na kazi yako mwenye idhini ya kusimamisha ratiba, na akiba ya kutosha kukaa miezi mitatu bila kupanda jukwaani. Mwambie mtu huyo dalili zako mapema, kwa sababu anayeanza kuugua mara nyingi ndiye wa mwisho kujua. Pombe na bangi vimezoeleka katika mazingira haya na vinaweza kuzidisha hali. Kama kwenu kuna historia ya ugonjwa wa akili, viache kabisa. Na ukilazwa, kazi isubiri. Meneja asiyekubali sentensi hiyo hakufai.

Baada ya bendi

Kuondoka hakukumaliza utunzi wake. Baada ya bendi kuvunjika alitoa Translucence, albamu tulivu iliyowashangaza waliotarajia kelele, kisha akaingia katika jumuiya ya Kihindu ya Hare Krishna na kuishi maisha ya ibada. Rekodi fupi ilitoka mwaka 1986, albamu nyingine ya X-Ray Spex ikafuata mwaka 1995 pamoja na Lora Logic, na mwaka 2008 bendi ilijaza ukumbi wa Roundhouse huko Camden. Albamu yake ya mwisho, Generation Indigo, iliyotayarishwa na prodyuza aitwaye Youth, ilitoka Machi 2011, na tarehe 25 Aprili mwaka huohuo akafariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 53. Kati ya albamu moja na nyingine ilipita miaka mingi, na sioni sababu ya kuihesabu kuwa ya hasara: alilea, alisali, alitibiwa, aliandika. Panga maisha yako ukijua kuwa kazi ya mtunzi huenda kwa vipindi, na uwe na ujuzi mwingine wa kukulisha katikati, iwe ushonaji, ualimu au ufundi wa sauti.

Binti yake, Celeste Bell, alirithi masanduku ya karatasi za mama yake, na kutokana nayo akatayarisha kitabu mwaka 2019 akishirikiana na Zoë Howe, na filamu ya maisha yake mwaka 2021 akishirikiana na Paul Sng. Hilo liliwezekana kwa sababu mashairi, michoro na maandishi hayakutupwa. Andika tarehe juu ya kila ukurasa wa daftari lako. Piga picha za rasimu, hata zilizofutwa. Hifadhi masta mahali pawili tofauti, nakala moja ikiwa nje ya nyumba unayoishi, na mikataba yote katika faili moja lenye orodha mbele. Kisha andika jina la mtu mmoja atakayesimamia kazi zako usipokuwapo, mpe nakala ya orodha hiyo, na umweleze kwa mdomo ni nyimbo zipi ungependa zitolewe na zipi zibaki sandukuni.